Kiungo Kilicholegea

Mita tatu chini ya maji ya Katonga
ziwa linakubonyeza kwa kidole gumba,
hapa, nyuma ya taya.
Unabana pua, unasukuma pumzi isiyo na pa kutokea,
kitu kinafunguka kooni, ti,
kama kifuniko cha kopo la dawa,
na unaendelea kushuka.

Siku ile hakikufunguka.
Nilikuwa na mafua, na oda ilikuwa samaki mia mbili,
wale wadogo wa mistari ya njano
watakaopanda ndege wakaishi sebuleni kwa watu.
Zuberi aliutikisa mpira wa hewa mara mbili: vipi?
Nikautikisa mara moja: twende.
Mita sita. Tisa.
Maumivu yakaingia kama msumari unaoijua njia,
kisha ubaridi,
kisha ziwa zima likazunguka na mimi katikati.

Teopista, tabibu wa masikio pale Mwanga,
alinimulika kwa kijitochi, akaguna.
"Sikio la kufa halisikii dawa.
Bahati yako, hili limezimia tu."
Akachora nyuma ya kadi yangu ya kliniki
kiwambo chenye kitundu,
na nyuma ya kiwambo vijifupa vitatu,
uzito wake wote punje mbili tatu za mchele:

nyundo,
fuawe,
kikuku.

Nilicheka, ingawa kucheka kuliuma.
Babu Ruhebuza alifua majembe kule Buhigwe,
na mimi mjukuu niliyeukimbia moshi wa mivukuto
kumbe nimebeba kiwanda chake kichwani miaka yote.
Kikuku ndicho sikukielewa.
"Cha mpanda farasi. Pa kukanyagia."
Farasi, Kigoma hii?
Mimi kikuku nilichokijua kilikuwa cha shaba,
kifundoni kwa Shangazi Nyanzira,
kikilia taratibu akivuka ua na ndoo.

"Sauti ikija," Teopista akasema,
"vyote hutikisika pamoja, kama watu wa nyumba moja.
Shinikizo si sauti.
Linakuja polepole na haliondoki.
Kiwambo kinabonyea, nyundo inavutwa ndani,
na hapa," kalamu ikasimama,
"kati ya nyundo na fuawe, kiungo kinateleza.
Nyundo imekwenda mbali, fuawe inafuata kidogo,
na kikuku, kilichokaa mlangoni pa maji ya ndani,
kinasogea upana wa unywele.
Kingepokea yote, kingezama humo,
nawe ungebaki kiziwi."

"Kwa hiyo kimelegea."

"Ndiyo kazi yake."

Nilishuka kuelekea Kibirizi, pamba sikioni,
mji mzima ukisema upande mmoja tu.

Nilikuwa bwenini Kasulu, kidato cha pili.
Simu ilimfikia yeye saa nane usiku:
baba, lori, ule mteremko, yote, kwa pigo moja.
Mimi asubuhi nilipewa kipande:
"Baba anaumwa kidogo. Chukua sweta, uje."
Stendi akaongeza: amezidiwa.
Njiani akaongeza: watu ni wengi nyumbani.
Akaninunulia ndizi, akaimenya mwenyewe,
mikono haikutetemeka.
Tulipofika kwenye turubai na viti vya kukodi
nilikuwa nimeshajua, na hakuna aliyeniambia.

Miaka kumi na moja nimemwita mwongo, kimoyomoyo.
Sijawahi kuuliza
alikaa wapi na ile simu
toka saa nane hadi kulipokucha.

Pale ufukweni wanawake walikuwa wakianika dagaa.
Nikahamishia simu sikio zima.

"Shangazi, nimeumia sikio majini."

Kimya. Nikasikia shaba, mbali,
au nilidhani nimesikia.

"Umeumia sana?"

Daktari alikuwa ameandika wiki sita,
na alama ya kuuliza
pembeni ya neno *kuzamia*.

"Kidogo," nikasema. "Kidogo tu."